Kikombe cha Pili cha Lowell

Huku Dakota Kaskazini mtu akikupa kitu hukipokei mara ya kwanza. Unasema hapana, usijisumbue. Akirudia, unakataa tena, ila sauti unailegeza kidogo. Ya tatu ndiyo unapokea, tena kwa kuguna, kama uliyelazimishwa. Kisebusebu na kiroho papo, na hakuna anayemwita mwenzake mnafiki, maana sote tumelelewa hivyo.

Verna Haugdahl, mjane wa miaka sabini na sita, aliijua adabu hii kuliko katekisimu. Ndiyo maana Oktoba ile, jirani yake Palmer Stenerson aliposimama kwenye ngazi za jikoni, kofia mkononi, akasema angeweza kumtayarishia trekta kabla ya baridi, Verna alimjibu hapana, una kazi zako. Palmer akatazama viatu vyake, akasema si kazi kubwa. Verna akasema hapana, nitaona namna. Kisha akangoja.

Ya tatu haikuja. Palmer, mseja mwenye haya ambaye hata mbwa wake humsalimu kwa sauti ya chini, alivaa kofia akaenda zake. Verna akabaki mlangoni, kahawa ya watu wawili ikichemka nyuma yake. Alimkasirikia wiki nzima. Mtu mzima na akili zake, anawezaje kuhesabu hadi mbili tu?

Hasira yake ilikuwa na sababu. Mumewe, Lowell, alifariki mwezi wa Mei, na mtoto wao Curtis, anayeishi Fargo, alitaka mama ahamie mjini kabla ya theluji. Walibishana majira yote ya joto, mwishoni wakapatana. Verna angebaki shambani maadamu njia ya kutoka nyumbani hadi barabara kuu, karibu kilomita nzima, iko wazi.

"Ikifungwa hata siku moja, Mama, nakuja na gari la kuhamisha vyombo."

"Utakuja kunywa kahawa," Verna alimjibu. "Sanduku sifungi."

Alisema hivyo kwa ushujaa, lakini roho yake ilikuwa juu. Katika nyumba ile ndimo alimozaa, alimouguza, alimozeeka. Kumwondoa humo ilikuwa sawa na kumwambia maisha yamekwisha, asubiri tu.

Trekta lenyewe lilikuwa jekundu, la petroli, limezidi ndoa yao kwa umri. Kila mwaka Lowell alitenga Jumamosi nzima kulivika kwa ajili ya baridi, na Verna ndiye aliyemshikia taa. Si hapo, hapa. Juu kidogo. Unamulika sikio langu, mke wangu. Miaka arobaini na tisa ya kugombezwa, na mshika taa hakosi kuona kinachomulikwa.

Basi akaifanya kazi mwenyewe. Alimwaga oili nzito ya kiangazi akatia nyepesi. Alitoa maji ya rejeta akajaza yale ya kijani yasiyoganda. Alifungua plagi nne akazisugua kwa brashi ya waya, akaondoa petroli iliyolala akatia mpya. Alifunga turubai ubavuni mwa injini, ili joto lake limpulizie dereva badala ya kuwapulizia kunguru. Minyororo ya magurudumu ya nyuma ilimchukua siku mbili, pamoja na maneno ambayo mchungaji wake hajawahi kuyasikia kutoka kinywani mwake. Betri aliihamishia jikoni, karibu na jiko, juu ya gazeti, ikakaa kama shangazi aliyekuja kutembea. Taa aliitundika kwenye msumari. Haikumulika vizuri, lakini haikugombezwa na mtu.

Siku hiyo trekta liliwaka mara moja, naye akajiona fundi.

Jambo moja tu taa haikulimulika. Asubuhi za baridi kali, Lowell alikunywa kikombe cha kwanza mezani, akaenda bandani, kisha akapaza sauti aletewe cha pili, cha moto sana. Verna akikileta, alirudishwa ndani: baridi hii si yako, nenda. Dakika chache baadaye trekta lilinguruma, na kikombe kilirudi kitupu. Verna alijivunia jambo hilo mbele ya akina mama wa kanisa. Mume wangu, aliwaambia, hawezi kuwasha trekta bila kahawa yangu.

Wiki ya pili ya Desemba theluji ilianguka siku mbili na upepo ukaitandaza. Siku ya tatu kulikucha shwari, digrii ishirini na tano chini ya sifuri, njia haionekani hata dalili. Curtis alipiga simu saa mbili asubuhi, akauliza kama njia iko wazi. Verna akasema bado anakunywa kahawa. Curtis akasema atapiga tena saa sita.

Alivaa koti la Lowell, akaburuta betri kwa kigari cha theluji cha wajukuu, na chupa ya kahawa mfukoni. Akafunga nyaya, akavuta choki, akabonyeza stata. Injini ikazunguka vizuri, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Akajaribu tena. Kimya. Betri ile haikuwa na majaribio mengi, na Verna akaogopa kwelikweli. Akilini aliona masanduku yake yakiwa mlangoni. Angeweza kumwita Palmer, lakini huku kuomba kabla hujapewa nafasi ya kukataa ni aibu ambayo watu wameganda kwa ajili yake.

Akashusha taa msumarini, akaanza kumulika mwenyewe. Chini ya tangi kuna kikombe kidogo cha kioo ambamo petroli hupita kabla ya kufika kwenye kabureta. Ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na bonge jeupe. Barafu: maji yaliyojichuja kwenye petroli yakaganda, yakaziba njia. Na pembeni, kwenye mti wa usukani, kulikuwa na kitambaa kimefungwa fundo, kikavu, cha kahawia. Vitambaa vya namna ile alikuwa amefua visivyo na idadi, akidhani ni oili. Akakinusa.

Kilinuka kahawa.

Verna akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamganda mashavuni, kisha yakawa machozi ya kweli. "Mzee wewe," akasema kwa sauti. "Miaka arobaini na tisa, nampikia trekta."

Akalowesha kitambaa kwa kahawa ya moto, akakizungushia kioo, akarudia hadi bonge likayeyuka. Akafunga koki ya petroli, akakifungua kikombe cha kioo, akamwaga yale maji, akakirudisha, akafungua koki. Akabonyeza stata. Trekta likakohoa, likafikiri, likanguruma.

Saa tano, akisukuma theluji kwa bamba la mbele, alifika barabara kuu, njia nyuma yake ikiwa wazi kama uwanja wa gwaride. Ng'ambo akamwona Palmer katika uwanja wake, trekta lake jipya limekufa kwa baridi, anapambana na theluji kwa koleo. Verna akakata kona.

"Nikufungulie njia?"

"Hapana, Verna. Una kazi zako."

"Si kazi kubwa."

"Hapana. Nitaona namna." Masikio yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anangoja.

Verna akamwacha angoje kidogo, kwa ajili ya Oktoba. Kisha akasema, "Palmer. Nikufungulie njia?"

Palmer akaguna. "Basi, kwa kuwa umeshafika."

"Unaona? Zinakwenda hadi tatu."

"Ya tatu ilinikwama kooni," Palmer akasema. "Lilikuwa trekta la Lowell."

Saa sita, Verna alipokuwa akisukuma theluji, simu ya Palmer ililia. Verna akapunguza moto wa injini, akamsikia akimwambia Curtis, aliyepiga nyumbani asimpate mama yake, kwamba ndiyo, yuko hapa, hapana, hajapotea, yuko juu ya trekta, na njia yake ilifunguliwa kabla ya zote.

Kisha Palmer akaja na vikombe viwili. Kimoja akampa, cha pili akakiweka juu ya injini.

"Hicho cha nani?"

"Cha trekta." Palmer alitazama viatu vyake. "Nilimwambia Lowell maji ya moto yangetosha. Akasema kwa maji asingekuwa na sababu ya kukuita. Na nusu ya kahawa alikuwa akiinywa mwenyewe, Verna. Kila mara."