Sukari ya Mgeni

Pantaleo aliporudi kijijini Singe mwaka 1984, watu walimwita Balozi, ingawa hakuwahi kuwa balozi. Alikuwa ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukaa New York, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia kupunguza silaha. Nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, ofisi yao ilipunguza watu. Akaambiwa aende nyumbani asubiri kuitwa. Alishuka Babati mjini kwenye lori lililokuwa likirudi tupu kutoka Arusha, akabeba sanduku lake kwa miguu hadi kwa mkewe.

Martina alimpokea vizuri, na hilo ndilo lililomtisha. Alimtolea kiti chenye mto, akamletea maji ya kunawa, akatoa kabatini kikombe cha maua. Chai ikaja ina sukari.

Siku hizo sukari haikuonekana madukani. Watu wa Singe walikunywa chai ya chumvi. Kile kidogo kilichopatikana kwa kibali kilifungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa juu ya kabati, kikimsubiri mgeni. Hakuna aliyekuwa ametunga sheria hiyo, lakini kila nyumba iliishika: mwenye nyumba haigusi sukari ya mgeni, na mgeni hapewi chai ya chumvi. Pantaleo alitazama vikombe vya bati vya mkewe na binti yao Otilia, akajua vina nini. Akanywa yake, akashukuru.

Alikuwa mtoto wa wakulima walioteremka kutoka milima ya Mbulu kutafuta mashamba. Alisoma seminari, akaacha kabla ya upadri, akaenda chuo kikuu, wizara ikamchukua. Alijifunza majina ya makombora na umbali yanakofika, kama watoto wanavyokariri majina ya mito. Hakuwahi kuona hata moja. Kila Oktoba kamati ilikaa kuandika azimio la kuwataka wakubwa wa dunia waache kujaribu mabomu ya nyuklia. Kila Desemba lilipita kwa kura nyingi. Na wakubwa waliendelea kuyajaribu chini ya ardhi. Wenzake walimsifu kwa subira. Aliweza kukaa mchana kutwa akisubiri wajumbe wawili wakubaliane juu ya mstari mmoja, bila uso wake kubadilika.

Mwanzoni ilipangwa mke na watoto wamfuate mwaka ujao. Wizara haikuwa na nauli ya familia. Mwaka ujao ukawa neno la kufungia barua. Kisha, Novemba moja, alipewa simu ya maandishi akiwa ndani ya ukumbi: mtoto wao wa kiume, Anselimu, amefariki kwa surua. Kura ilikuwa ipigwe mchana ule. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaketi mpaka kikao kikaisha, na kikao cha kesho yake pia. Alifika nyumbani Januari, kaburi limeshaota nyasi. Martina hakumlaumu. Alimtolea kiti chenye mto.

Tangu siku ile alikuwa mgeni. Sasa amerudi, na alitaka jambo moja tu, apewe chai ya chumvi. Hangeweza kuiomba. Kitu kama hicho kikiombwa hakina maana tena.

Akajaribu njia nyingine. Aliamka mapema achanje kuni, akakuta zimeshachanjwa. Alishika jembe, Martina akalipokea taratibu mkononi mwake.

"Pumzika, Baba Otilia. Umetoka mbali."

Jirani yao Paskasi, balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyegawa vibali vya sukari. Alipita karibu kila siku.

"Singe sasa ina mabalozi wawili," alisema siku moja akivuta kigoda. "Ila mwenye sukari ni mimi."

"Basi wewe ndiye mkubwa wangu."

"Hebu nieleze. Mtu ana bomu lake. Unamwambiaje aliweke chini? Unamsihi?"

"Tunaandika. Halafu tunajadili tulichoandika."

"Na akikataa?"

"Tunakutana tena mwaka unaofuata."

Paskasi alicheka mpaka akakohoa. "Nami juzi nimewapatanisha watu wa Nangara waliogombania mpaka wa shamba, asubuhi moja tu. Kumbe nimejipunja. Ningekula kuku wao miaka kumi."

"Shemeji, acha kumchokoza mgeni," Martina alisema kutoka jikoni. Alisema kwa mzaha. Pantaleo naye alitabasamu, kwa kuwa uso wake ulikuwa umezoea.

Mahindi yalivunwa. Polepole Martina aliacha kumpokea jembe. Siku moja alimtuma kisimani na ndoo bila kusema tafadhali, naye akaenda akiogopa hata kufurahi. Jioni Otilia alimwita "Baba" akitaka amshikie taa ya chemli aifute kioo, kisha akaendelea na kazi yake kama hakusema kitu.

Asubuhi iliyofuata Paskasi alileta simu ya maandishi kutoka posta. Pantaleo aliisoma mezani huku Martina akimimina chai. Fedha zimepatikana, anatakiwa New York kabla ya kikao cha Oktoba. Akawa anakunywa huku akitunga majibu kichwani, kama alivyokuwa akinywa kahawa ya kamati, bila kujua ananywa nini.

"Wananiita," alisema.

"Utaenda lini?"

"Ijumaa, lori likipatikana."

Martina alimtazama kidogo. "Sawa," alisema, akachukua kikombe.

Alipokuwa ameshafika mlangoni ndipo Pantaleo alipoona kuwa kikombe kile ni cha bati. Akalamba mdomo. Chumvi.

Alikaa palepale. Angeweza kutuma majibu ya kukataa. Maneno yake aliyajua, alishayaandika mara nyingi kwa niaba ya serikali. Alisikia vyombo vikioshwa uani. Aliwaza kwamba atainuka amfuate, kisha akawaza kwamba atainuka baadaye. Ndani ya kifua hakukuwa na kitu kinachouma. Alasiri alikwenda posta, akajibu kwamba atafika.

Ijumaa asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni. Otilia alimpa shikamoo akaondoka kwenda shule. Martina alimtolea kiti chenye mto, akapanda kwenye kigoda, akashusha mfuko wa nailoni juu ya kabati. Chai ililetwa kwenye kikombe cha maua. Ilikuwa tamu sana. Pantaleo aliinywa yote, akashukuru.