Fundi wa Breki wa Nyakato

Nesi Eufrasia hakumjua kwa jina lingine zaidi ya fundi. Miaka ile vipuri vilipokuwa vimeadimika, kila alipotoka kuchanja watoto Butiama pikipiki ya zahanati ilirudi Musoma na tope ndani ya dramu za breki, naye aliipitisha kwa fundi huyo, mtaa wa Nyakato. Fundi alitoa gurudumu bila haraka, akapuliza vumbi, kisha akasugua breki kwa msasa, kichwa kimeinama kama anayesikiliza. Zikiisha kabisa, alizibandika vipande vya breki ya lori bovu. Aliongea kidogo, kwa sauti ya chini. "Inaliaga ukishuka mlima?" aliuliza, na Eufrasia alitamani jibu lake liwe refu.

Baadaye biashara huria ikaruhusiwa, bidhaa zikajaa madukani, na zahanati ikapata pikipiki mpya yenye breki ya diski. Tope lilidondoka lenyewe kwenye diski. Miezi ikapita Eufrasia hana sababu ya kusimama Nyakato, na barabara ya Butiama ikawa ndefu kuliko zamani. Siku moja akasimama tu. Fundi akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akapitisha kidole kwenye ile sahani ya chuma inayong'aa.

"Hii haina cha kufungua, nesi," akasema polepole. "Mi nilikuwaga nakungojea kila mvua ikinyesha."

Eufrasia akahisi uso unawaka. "Ya nyuma bado ni ya dramu," akasema.

Fundi akaitazama. Ilikuwa mpya, haina tatizo lolote, na wote wawili walijua. Akamsogezea kigoda kivulini, akaanza kulegeza nati.