Lenzi Ndefu ya Pankras

Kwa miaka ishirini Pankras alipiga picha za watu wa Mbinga: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, mpaka mazishi. Ukuta wa studio yake ulijaa sura za watoto wa wenzake. Ya Bonifasia, binti yake mwenyewe, haikuwapo. Alipobatizwa, baba alikuwa Liuli kwenye harusi ya mwalimu. Alipopokea komunyo, baba alikuwa Mpepai na wateja. Kazi ni kazi, alikuwa akisema, na mkewe Hilaria alishachoka kumjibu.

Sasa Bonifasia alikuwa anaweka nadhiri za utawa, naye Pankras alijua kwamba hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho. Alitaka picha moja tu, ya uso wa mwanawe akitamka nadhiri. Kikwazo kilikuwa paroko, ambaye hakutaka flashi wala mpiga picha kuvuka ngazi za altare, tangu mpiga picha mmoja wa mjini alipomkanyaga askofu kanzu. Kwa lenzi yake ya kawaida, kutoka huko nyuma, Bonifasia angeonekana kama punje ya kahawa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, na vitu vilivyokuwa hadithi viliuzwa Songea mchana kweupe. Ambokile, muuza mitumba, alimwekea mezani lenzi mbili ndefu. Hakuna iliyokuwa ya kuvuta; ukitaka mtu awe mkubwa zaidi, usogee kwa miguu yako. Ya milimita mia mbili ilifika mbali, lakini ilikuwa na kiza, na kanisa lile lina madirisha membamba. Pankras alichungulia, akarudia, akachungulia tena, hatimaye akachagua ya mia na thelathini na tano, iliyopitisha mwanga vizuri. Jumamosi aliingia kanisani likiwa tupu, akapima hatua, akapata mahali pake kwenye nguzo ya tatu.

Likabaki jambo moja. Desturi ni wazazi wote wawili kumsindikiza binti altareni na kumkabidhi. Pankras alimwambia Hilaria aende peke yake, maana yeye atakuwa kazini. Hilaria alimtazama, akaendelea kupiga pasi kitenge chake.

Siku ilipofika, mama na binti walipanda ngazi, wakageuka kuwatazama waumini. Pankras alizungusha lenzi mpaka ule uso ukaonekana wazi. Aliona hata kope. Ndipo alipogundua kwamba Bonifasia alikuwa anatazama upande wake wa kushoto, pale palipokuwa patupu, mahali pa baba, kisha akainamisha macho. Lenzi fupi isingemwonyesha hilo. Kidole kiligoma kubonyeza.

Aliiacha kamera kwenye benchi, akatembea mbele. Paroko alimtolea macho, akidhani ni ukaidi; alipoona mikono mitupu, akampisha.

"Shikamoo, baba," alisema Bonifasia kwa sauti ya chini, kama anayempokea mtu aliyetoka safari ndefu.

"Marahaba, mwanangu."

Akamshika mkono wa kushoto, Hilaria akamshika wa kulia, wakamkabidhi. Picha ya siku hiyo hakuna.