Kunuka na Kunukia

Shangazi yangu mkubwa ni dobi, na pua yake imemletea wateja wengi kuliko sabuni yake, ingawa imemfukuzia wachache pia. Ukimpelekea shati, halianzii kwenye beseni, linaanzia puani. Anaikunja kola, anavuta pumzi ndefu, anakutazama kwa huruma ya daktari, kisha anauliza: "Umehama nyumba?" au "Hii kazi mpya ni ya mashine, au siyo?" Fundi bomba mmoja, aliyekuwa amemwapia mkewe kwamba sigara ameacha, ilibidi aanze kujifulia mwenyewe.

"Shangazi, si uwaachie watu siri zao?" nilimwambia siku moja.

"Sijamtafutia mtu siri," akanijibu. "Wanazileta wenyewe, kwenye mfuko wa nailoni."

Chumba chake cha kazi kina meza ndefu iliyovalishwa blanketi kuukuu, pasi mbili, moja ya kazi na nyingine ya kutishia wateja wanaochelewa kuchukua nguo, na rafu ya chupa za jamu zisizo na jamu. Ndani ya kila chupa kuna kitambaa, au unga, au pamba iliyolowa kitu. Ni harufu alizokusanya tangu ujana wake. Wenzake huweka picha, yeye picha zinamchosha, anasema watu wote wamesimama wima na wanatabasamu kwa amri ya mpiga picha. Anaposema anakumbuka jambo, hufungua kifuniko.

Shangazi yangu mdogo ni fundi cherehani, na duka lake liko mlango wa tatu kutoka kwa dobi. Mmoja anashona, mwingine anapiga pasi, ungedhani biashara imejipanga yenyewe. Lakini kwa miaka sita ndugu hao wawili hawakusemeshana. Gauni likishonwa kule na kuletwa huku, mteja ndiye aliyebeba salamu, na salamu zenyewe zilikuwa za namna hii: "Mwambie huyo fundi, pindo limepinda." Naye fundi: "Mwambie huyo dobi, yaliyopinda ni macho yake."

Chanzo cha ugomvi kilikuwa herufi moja. Bibi, yaani mama yao, aliugua miezi minane akiwa nyumbani kwa shangazi mdogo. Siku moja shangazi mkubwa alikwenda kumwona, akasimama mlangoni, akasema maneno mawili, akaondoka. Shangazi mdogo alisikia: "Chumba kinanuka." Shangazi mkubwa aliapa kwamba alisema: "Chumba kinanukia." Wiki mbili baadaye bibi alifariki, na msibani dada hao walikaa pembe mbili za chumba kimoja. Baba yangu, ambaye ni kaka yao, alijitosa kusuluhisha. "Pengine ile i aliimeza kwa bahati mbaya," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wakawa kitu kimoja, kwa sababu wote wawili walimgeukia yeye.

Mimi nilikuwa upande wa shangazi mkubwa. Niliona mtu mwenye pua kama ile hawezi kukosea neno la pua.

Sasa, mkutubi wa maktaba ya mtaa wetu alibaki na chumba kitupu baada ya mchwa kuzila rafu zake. Akatangaza kwamba wakazi walete kazi za sanaa zinazoonyesha mtaa. Seremala akaahidi kiti, mwalimu wa shule ya msingi akaahidi michoro. Shangazi mkubwa alijikung'uta mikono, akaenda nami kusema ataleta harufu.

"Lakini mama," mkutubi akauliza kwa upole, "harufu nayo ni sanaa?"

"Suruali zako nne nazijua nikiwa nimefumba macho. Nikuambie ipi umevaa leo, na umeivaa kwa siku ngapi?"

Mkutubi alimwandika kwenye orodha haraka sana.

Tulipokuwa tunarudi, shangazi alipunguza mwendo. "Kuna chupa moja nataka mtu mmoja aifungue," alisema bila kunitazama. "Akiifungua ataelewa nilisema nini siku ile." Hakumtaja, na sikuhitaji kuuliza. Nilimhurumia, kwa sababu nilijua kila jioni alikuwa akichungulia kama taa ya duka la tatu imezimwa salama.

Kwa wiki mbili nilikuwa mbeba chupa wake. Kwa fundi viatu tulichukua ngozi na gundi. Kwa kinyozi tulichukua poda, pamoja na kitambaa kinachofunika mashine yake inapopata moto. Mpiga chapa alitupa kipande cha sponji chenye wino. Kwa seremala kulitokea ubishi, maana shangazi alinusa maranda ya chini akasema, "Haya ni ya kabati, na haya ni ya jeneza." Seremala akaapa mbao ni zile zile. "Mbao ndiyo," shangazi akamjibu, "lakini kabati uliliranda huku unakula chungwa." Seremala akatazama chini ya benchi, na maganda yalikuwepo.

Harufu iliyomsumbua kuliko zote ni ile ya matone ya kwanza ya mvua juu ya bati la moto. Haikukubali kufungwa. Alijaribu mara tano, kila mara ikigeuka harufu ya sufuria chafu. Mwishowe akaamua ataifanya mbele za watu: kipande cha bati kilichopashwa moto na pasi, na maji ya kurushia kwa vidole.

Kuhusu kitu kimoja tulibishana. Katikati ya mtaa wetu unapita mfereji, na ukweli ni kwamba unajulikana.

"Shangazi, mtaa bila mfereji si mtaa wetu."

"Mfereji hauhitaji maonyesho, unajionyesha wenyewe," akasema. "Mimi nataka vinavyonukia tu." Nikamwachia, kwa sababu chupa ni zake na pua ni yake.

Chupa ya kumi na mbili aliitengeneza peke yake, wiki nzima. Alikwangua sabuni ya mche, akatia tone la mafuta ya nywele, kipande cha shuka lililoanikwa juani, na ganda kavu la chungwa ambalo bibi alipenda kuliweka chini ya mto. Alinusa, akatikisa kichwa, akamwaga, akaanza upya. Aliponiita mwishoni nikafungua kifuniko, bibi alikuwa pale pale, ameketi kitandani ananiuliza kama nimekula. Machozi yakanijia. Nikasingizia poda ya kinyozi.

"Andika kadi," shangazi akaniamuru. "Chumba cha mama. Kinanukia." Nikaandika. Akachungulia begani kwangu. "Hiyo i ikolezee wino." Nikaikoleza.

Jumamosi asubuhi chumba cha maktaba kilijaa. Mlangoni mkutubi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KARIBU USIKIE HARUFU ZA MTAA WAKO. Tarishi mmoja mstaafu, mtu wa kufuata maandishi kama yalivyo, aliinua chupa ya kwanza akaiweka sikioni. Akasikiliza kwa makini. "Hii imeharibika," akatangaza, "haisemi kitu."

"Puani, mzee, puani!" shangazi akamwambia.

Mke wa fundi bomba alifungua chupa iliyoandikwa Nyuma ya Stoo ya Saruji, Saa ya Mapumziko. Akanusa mara mbili, akamgeukia mumewe. "Mbona hili ni koti lako?" Fundi bomba akakumbuka kuna bomba limepasuka mahali. Mpiga chapa naye alinusa chupa ya wino mpaka akachoka, akalalamika kwamba haina kitu, na watu walipocheka akabaki ameishika, anajiuliza ni lini aliacha kuisikia.

Ilipokaribia saa sita, watu wa mlangoni walisogea. Shangazi mdogo aliingia, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Hakumsalimia mtu. Alianza na chupa ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu, anafungua, ananusa, anafunga. Shangazi mkubwa alishikwa na kazi ghafla. Alichukua pasi akaanza kulipiga pasi lile bati, mbele nyuma, mbele nyuma, kana kwamba lina mikunjo.

Shangazi mdogo alifika kwenye ya kumi na mbili. Akaisoma kadi. Akafungua, akafumba macho, akavuta pumzi, nami nikatumaini. Kisha akaifunga sawasawa, kama anavyofanya kila kitu.

"Hiki si chumba cha mama," akasema.

"Ni chenyewe," shangazi mkubwa akajibu kwa sauti nyembamba. "Sabuni yake. Mafuta yake. Lile ganda la chungwa."

"Hicho ni chumba chake alipokuwa mzima. Mimi nilikuwa na kingine. Dawa ya vidonda iko wapi? Mkojo uko wapi, dada? Lile godoro nililokuwa nalivuta nje kila asubuhi, liko wapi?"

Miaka sita alikuwa hajamwita dada. Watu wakaacha kufungua vifuniko.

"Kilikuwa kinanuka," akaendelea polepole. "Nilikuwa ndani yake mchana na usiku, hakuna aliyejua kuliko mimi. Unadhani nilikasirika kwa kuwa ulisema uongo?"

Nilimtazama shangazi mkubwa, nikimsubiri aitetee i yake kama alivyoitetea kwa baba, kwa majirani, kwa wateja, na kwangu mimi mara zisizohesabika. Aliiweka pasi chini.

"Nilisema kinanuka," akasema.

Nikaona aibu, mimi niliyekoleza wino.

"Najua ulichosema. Nina masikio."

"Nilisema kinanuka, nikatoka, sikurudi tena mpaka mliponiita kuzika. Niliogopa, mdogo wangu. Nguo za mtaa mzima nanusa bila kinyaa, halafu nikashindwa kwa mama yangu mwenyewe. Nikakuacha peke yako. Ile i niliitafuta baadaye, nikiwa nyumbani, kwa sababu sikuweza kulala."

Shangazi mdogo aliuzungusha utepe kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena.

"Hata siku ile sikutaka useme kinanukia," akasema. "Nilitaka uchukue ndoo."