Nilimshindisha Njaa Mtu wa Gemu ili Mama Ale

Siku ya kumi na tisa baada ya kumzika kaka yangu, alimtumia mama ujumbe wa sauti.

Nina uhakika na ninachosema, kwa sababu mimi ndiye niliyeutuma.

Kabla hujaniita mchawi, tulia nikusimulie. Nikimaliza utaniita unavyotaka.

Kwetu tulizaliwa wawili tu, kaka ndiye mkubwa. Mimi napiga pasi kwenye duka la kufulia nguo, kazi ya mvuke na jasho mpaka jioni. Yeye kazi yake ilikuwa kuongea. Usifikirie siasa. Alikuwa anaingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni.

Kama uliwahi kuangalia Abiria wa Zohali, ile ya watu waliopotelea angani na meli yao, basi unamjua. Yule Rubani mwenye sauti nzito, anayewatuliza watu hata injini ikiwaka moto, ndiye kaka yangu. Tamthilia ilipopendwa wakatoa na gemu yake, na humo pia Rubani ni yeye. Akiagiza chai hotelini watu walikuwa wanageuka.

Sasa sikia mambo yalivyotuangukia.

Jumatatu mama akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, maneno yakawa yanatoka mojamoja, ya kuburuza. Ijumaa ya wiki hiyohiyo, saa mbili asubuhi, kaka akagongwa na lori akivuka barabara kwenda studio. Hospitali hakufika.

Mama alikuwa bado wodini. Mjomba, kaka yake mama, akatukusanya ndugu na majirani.

"Daktari kasema dada yangu asishtuliwe," alisema. "Akilisikia hili tutazika wawili. Kwa hiyo halisikii. Kijana kasafiri kikazi. Tumeelewana?"

Nani angembishia? Tukamzika kaka. Wiki mbili baadaye tukamrudisha mama nyumbani, tukatabasamu kama wajinga.

"Kaka yako yuko wapi?" Hata viatu sijamvua.

"Kasafiri, mama. Wanarekodi mbali huko. Mtandao ni shida."

Aliniangalia muda mrefu sana. Halafu akageukia ukuta.

"Nitakula akirudi."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Wapi. Siku ya kwanza akanywa maji. Ya pili maji. Ya tatu nikamwekea supu mdomoni, akaiacha itiririke mpaka kwenye mto huku ananiangalia. Dawa za presha hazitaki tumbo tupu, akizimeza anazitapika.

Mjomba akaja kubembeleza, akashindwa. Muuguzi aliyekuwa anapita kumpima naye akanivuta koridoni.

"Dada, tusidanganyane. Akiendelea hivi hamalizi mwezi."

Niliegemea ukuta. Kaka nimemzika, mama namwona anakwenda, na kinachompeleka ni uongo ambao nausema mimi kwa mdomo wangu kila asubuhi. Nikisema ukweli namuua, nikinyamaza namuua. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na wa kumlilia sina.

Jioni hiyo akaja Masikio.

Masikio ni fundi sauti wa kule studio. Jina lenyewe limetokana na zile spika za kichwani ambazo hazimtoki shingoni hata akienda benki. Alikuwa ameleta vitu vya kaka kwenye boksi: kikombe, sweta, mashine ya gemu. Nikamweleza yote, maana nilikuwa nimefika mahali hata kwa mgeni unaweza kufunguka.

"Kaka yako ametuachia sentensi elfu na mia mbili," akasema polepole.

"Ziko wapi?"

"Tulizorekodi tuliwatumia wenye gemu, kwetu zikafutwa. Ndiyo mkataba. Kwenye tamthilia sauti yake iko chini ya muziki na milipuko, huwezi kuichomoa. Lakini kwenye gemu unaingia kwenye mipangilio, unazima muziki, unazima mabomu, unamwacha yeye peke yake."

Nilimwelewa kabla hajamaliza, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyomwelewa haraka.

Lakini kuna kitu hakukificha. Kwenye gemu Rubani haongei ukitaka wewe. Anaongea likitokea jambo. Ukiumia anakufariji. Ukisimama bila kufanya kitu anakuuliza unawaza nini. Kila sentensi ina mlango wake, na mlango wenyewe mara nyingi ni balaa.

Mimi gemu sijawahi kushika maishani. Kesho yake niliomba likizo kazini, nikaketi sakafuni chumbani kwangu, nikajitupa kwenye shimo ndani ya gemu kwa makusudi.

Nikavunjika miguu. Rubani akaja mbio, akainama.

"Nipo," akasema. "Usiogope. Tunafika."

Jamani. Ile sauti. Ilikuwa yeye kabisa, na kule kukwama kidogo kooni kabla ya neno. Nililia mpaka skrini sikuiona. Kisha nikafuta macho, nikajitupa tena shimoni, safari hii simu ikiwa inarekodi.

"Mama," nikamwambia, "kaka katuma sauti."

Aligeuka kutoka ukutani. Nikabonyeza.

*Nipo. Usiogope. Tunafika.*

"Rudia," akasema.

Nikarudia mara nne. Halafu akafungua mdomo, akala vijiko vitano vya viazi vya kuponda. Nilivihesabu. Nikaenda jikoni, nikauma kitambaa cha vyombo nisisikike.

Kuanzia hapo maisha yangu yakawa hayo. Asubuhi nawinda sauti, mchana namlisha mama. Nilianguka kwenye ngazi, nikazama kwenye tope la sayari nisiyoijua, nikasimama mbele ya madubwana yenye macho sita yanitafune, ilimradi tu kaka aseme kitu. Nyingi hazikufaa. Utamwambiaje mgonjwa "Kamanda, adui upande wa kulia"?

Siku moja nilikosea kukata. Baada ya "Niko salama" ikatoka na "zima injini ya tatu."

"Injini gani hiyo?" mama akauliza.

"Jenereta, mama. Ya studio. Wana jenereta nyingi."

"Ahaa," akasema, akameza kijiko.

Lakini nikaanza kurudia sauti zilezile, na mama akaanza kugoma. Nikileta ya zamani anafumba macho. Siku mbili zikapita hajala. Muuguzi akaniambia asubuhi inayofuata anakuja na gari la wagonjwa, mama arudi wodini awekewe mpira wa kulishia. Mama alisikia. Akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Huko sirudi," alisema. "Nikirudi huko sitoki."

Na mimi nilijua hatoki. Nikampigia Masikio.

"Hakuna yoyote ambayo anamwambia mtu ale?"

Akafikiri. "Ipo moja. Ile usipokula kabisa kwenye gemu, mstari wa njaa ukifika mwisho. Lakini dada, inachukua muda. Na wewe mwenyewe unakuwa dhaifu, humlindi tena Rubani. Angalia usije..."

Sikumsubiri amalize. Nikakata simu.

Hebu nione nilivyokuwa. Mtu mzima, mpiga pasi, nimekaa sakafuni nikimshindisha njaa mtu ninayemchezesha kwenye tivii ili mama yangu ale. Mkate upo kwenye begi lake, simpi. Saa nzima na nusu. Mstari wa njano unapungua kama mshumaa, na ulipokaribia mwisho simu nikaiweka mbele ya spika inarekodi, maana sentensi haipigi hodi.

Ikaja.

"Kula," alisema kaka. "Bila wewe mimi sifiki popote."

Niliruka. Nikaacha rimoti ya gemu pale sakafuni, nikakimbilia jikoni kupasha chakula. Niliporudi nikachukua simu, nikazima kurekodi, nikasikiliza mwanzo tu kuona kama imeshika. Imeshika. Kwenye tivii hata sikutazama.

Nikaketi kitandani kwa mama, sahani mapajani, simu nikaiegemeza kwenye mto wake.

"Mama. Kaka katuma nyingine."

*Kula. Bila wewe mimi sifiki popote.*

Akafungua kinywa. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Moyo wangu ukawa kama umeshushiwa mzigo, nikaanza hadi kumchekesha, namwambia leo anakula kama fundi ujenzi.

Simu nimeisahau. Kumbe ilikuwa inaendelea kucheza, kimya, na kwa mbali sufuria zangu mwenyewe. Dakika zote zile nilizokuwa jikoni ilikuwa inarekodi, na kule kwenye gemu madubwana yalikuwa yamemkuta Rubani hana wa kumlinda.

Basi kaka akaongea tena, pale pale kwenye mto, karibu na sikio la mama.

*Siwezi tena,* alisema, anavuta pumzi kwa shida. *Msinisubiri. Endeleeni na safari.*

Kisha ile pumzi ikatoka yote, taratibu, na haikurudi.

Nilirukia simu, sahani ikaanguka, simu ikaniponyoka ikaingia chini ya kitanda. Nilipiga magoti kuitafuta huku nabwabwaja: mama, siyo, mama, ni mtandao, ni kazi, wanaigiza, mama nisikilize. Nilikuwa nasubiri kusikia mwili wake ukishtuka juu yangu. Nilikuwa nimemuua mama yangu, hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani, hakuna jingine.

"Toka huko chini," mama akasema.

Nikatoka. Alikuwa ameketi wima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kushikwa. Machozi yanatiririka, lakini uso umetulia.

"Hiyo tuliirudia mara saba," akasema, neno moja moja. "Pale mezani. Wewe ukiwa kazini. Alikuwa ananipa karatasi nimsomee maneno ya wenzake, yeye anajibu. Zote elfu na mia mbili nimemsomea mimi. Hiyo ya mwisho nilimgombeza. Nikamwambia mwanangu, usiifanye vizuri hivyo. Akacheka. Akasema mama, kazi tu hii."



"Kwa hiyo ulijua ni gemu?"

"Tangu ya kwanza. Kaka yako lini aliniambia 'tunafika'? Yeye angesema, mama acha mambo yako, kula."

"Na ulikuwa unakula?"

"Ili ulete nyingine."

Sikuweza kumtazama. Nikauliza lile lililobaki, kwa sauti ndogo.

"Ulijua lini kwamba... hayupo?"

"Siku niliyorudi. Mjomba wako alinikumbatia. Miaka sitini hajawahi kunikumbatia yule." Akafuta shavu kwa mkono mzima. "Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu kwenye nyumba hii aniambie. Kila mkija na sahani mnaleta na uongo, nikawa siwezi kuvimeza vyote viwili. Msiba nyumba nzima inaukana, mimi ningeulilia na nani?"

Akaninyooshea mkono nikae karibu.

"Haya. Nihadithie. Alivaa nini?"

Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza. Kila mtu aliniuliza hali ya mama.

"Shati lake jeupe," nikasema. "Nililipiga pasi mimi mwenyewe, mama. Kola ilikuwa inakataa kulala. Nikairudia, nikairudia, mpaka wakaja kuniondolea pasi mkononi."

Ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa nikimlilia kaka yangu kama dada yake na siyo kama mlinzi wa siri. Nililia kifuani kwa mgonjwa, yeye ananipiga piga mgongoni kwa mkono mmoja, tena bila haraka.

Tukakaa hivyo mpaka kivuli cha dirisha kikafika mlangoni.

"Sasa inuka," akasema. "Kachote chakula kingine, hicho kimemwagika. Nijazie sahani. Nina kazi kubwa ya kulia leo na sina nguvu."

Alikula chote. Asubuhi muuguzi alipokuja na gari lake alimkuta mama mlangoni kwenye kiti, amevaa viatu, na mjomba pembeni macho mekundu. Mjomba alikuwa ameamrishwa na mama asimulie mazishi yote kuanzia mwanzo, na kila akiruka kitu anarudishwa. Gari lile liliondoka tupu. Sisi tukakodi jingine, tukampeleka mama kaburini.

Najua mtaandika kwenye maoni kwamba daktari alisema asishtuliwe. Ni kweli alisema, na sikufundishi umpuuze daktari wako, nenda kamuulize habari kama hii inasemwaje. Mimi nazungumzia sisi ndugu. Kama kuna mtu nyumbani kwenu mnamficha msiba wake kwa huruma, mwangalieni vizuri usoni. Huenda ameshajua siku nyingi, na anachokufa nacho ni kukosa mtu wa kulia naye.