Ukaguzi wa Miguu Kambini Ruiru

Siku yangu ya kwanza kambini Ruiru, miaka ile ya hamsini, nilidhani nitapewa bunduki. Nikaambiwa nivue buti. Sajenti wa platuni, mtu mzima mkali ajabu, alipiga magoti mbele yetu makurutu, akatushika nyayo mmoja mmoja na kuchungulia hadi katikati ya vidole. Tulicheka kichinichini. Vijana mnaotaka uofisa, najua nanyi mngecheka.

"Ukimuuliza askari hali yake, atakwambia mzima, afande," alituambia. "Shika mguu mwenyewe."

Huo ndio ukaguzi wa miguu, na nilipopata tepe mbili za koplo ukawa kazi yangu kwa seksheni yangu, kile kikundi kidogo ndani ya platuni. Nilizipenda tepe zile, siwafichi. Kwetu, ng'ambo ya Ol Donyo Sabuk, mama alizishika akalia.

Asubuhi moja tuliamriwa kwenda Thika kwa miguu, na silaha na mizigo yote. Nikikagua, nikamkuta askari wangu Mutua kisigino kimeoza, usaha unatoka.

"Ni malengelenge tu, afande," akaninong'oneza. "Nikiachwa nitafukuzwa."

Nikamwendea kapteni, Mzungu kijana mwenye haraka zake, nikamwambia huyu haendi, apelekwe hospitali.

"Hapana leta maneno, koplo. Yeye tembea, ama wewe toa tepe."

"Basi nitatoa tepe, bwana kapteni."

Mutua akapelekwa hospitali, na mguu wake ukapona. Tepe zangu zilikatwa papo hapo mbele ya wote, nikarudi mstarini nikiwa na uchungu ambao sijausahau.

Koplo mpya akateuliwa, kijana wa rika langu. Akaita, "Seksheni, tayari!"

Hakuna aliyesogea. Wote walinitazama mimi.

Moyo wangu ulifurahi, kusema kweli. Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni, na kukaidi amri kwenye paredi kungewapeleka wote jela. Nikabana miguu, macho mbele, kama koplo mpya alivyoamuru. Nikasikia buti zao zikigonga ardhi kwa pamoja.

Tepe nilirudishiwa baadaye, na baada ya uhuru nikavaa nyota za ofisa. Sasa nimestaafu, nalima hapa Theta. Nimetoa amri nyingi, zikatiiwa kwa sababu ya cheo. Asubuhi ile tu walinitii nikiwa sina cheo, na sikufungua mdomo.