Farasi wa Jirani

Jirani yangu ana ng'ombe watatu wa maziwa, malisho ya kuwatosha wawili, na farasi asiyempanda. Kila asubuhi humpiga brashi shingoni taratibu, akimwita "bwana mkubwa", huku farasi akikwangua nyasi hadi mizizini na ng'ombe wakifuata nyuma kulamba vumbi. Mkewe akimwonyesha ndoo isiyofika nusu, yeye huwageukia ng'ombe: "Wavivu nyie! Mbona mwenzenu ananenepa?" Jana alikuja kwangu, kamba ya farasi mkono huu, kikombe mkono wa pili. "Ndugu yangu, nisaidie maziwa ya chai." Nikamjazia kikombe. Nyuma yake bwana mkubwa alikuwa ameshaingia kwenye nyasi za ng'ombe wangu. Jirani akamtazama kwa fahari. "Umeona? Huyu hana uvivu."